Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa fizikia, Tabora, kiangazi

Saa 12 asubuhi. Agosti hapa kwetu hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Navua sweta la kulalia, linatatarika. Habari njema: leo umeme tuli, ule wa kusugua vitu, utakubali. Masika mada hii ni mateso, unyevu unatanda juu ya plastiki na chaji zinavuja kabla darasa halijaona kitu.

Saa 2. Kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo. Vichwa vimenyolewa, nywele za kusugulia hakuna, hivyo tunasugua kipande cha bomba la PVC kwenye sweta za shule. Vijikaratasi vinalirukia. Bomba limechukua elektroni, likawa na chaji hasi. Sweta limebaki na chanya. Hakuna chaji iliyozaliwa hapo, zimehama tu.

Kisha elektroskopu yetu, kifaa cha kuonyesha chaji: chupa ya asali, waya wa shaba uliopenya kizibo cha plastiki, na chini yake vipande viwili vya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Burura bomba kwenye waya, vipande vinaachana na kubaki hivyo, maana chaji za aina moja husukumana.

Sasa waguse waya kwa walichonacho. Rula ya plastiki: kimya. Msumari: vipande vinaanguka papo hapo, chaji zimepitia kwa aliyeushika. Risasi ya penseli (grafiti) nayo inaviangusha, na wala si metali. Halafu kijana mmoja akaleta ufito mkavu wa mninga. Vikashuka taratibu, taratibu.

"Mwalimu, si tuliandika mti ni kihami, haupitishi umeme?"

Swali tamu hilo. Mti mkavu unapitisha kidogo mno, balbu haiwezi kuwaka; lakini chaji ya chupani nayo ni ndogo mno, uvujaji huo unaimaliza. Stephen Gray aliliona jambo hili Uingereza mwaka 1729: kamba ilisafirisha chaji mbali iliponing'inizwa kwa nyuzi za hariri, ikashindwa iliponing'inizwa kwa waya wa metali.

Saa 5 hadi 9: chai, madaftari, kikao. Tupite.

Saa 10 jioni. Nampitia fundi umeme, namsimulia habari ya mninga. Anacheka.

"Sasa Ticha, walidhani vile vikombe vya kauri kwenye nguzo ni urembo?"

Kweli, nguzo ni mti. Waya mtupu ukilazwa juu yake, mvua ya kwanza tu umeme unateremka. Anacho kimoja kilichomeguka. Namwomba, ananipa bure.

Saa 2 usiku. Naandaa ya kesho: betri, taa ya LED, maji ya betri (si asidi) na chumvi ya jikoni. Kabla ya chumvi taa haiwaki. Nitawaacha wabishane kwanza.