Mara Tatu, Exeter

Tulifika saa tisa alasiri, tarehe 23 Februari 2013, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipiga sakafu kwa kisigino. Ilikuwa ya mbao tupu, na iliitika kama ngoma. Ningeitilia maanani sauti ile, jioni yote ingekwenda vingine.

Chumba kilikuwa orofani, juu ya duka, kwenye jumba la kale la mawe mjini Exeter, Uingereza. Saa mbili usiku wangekuja watu 34 kusikiliza santuri moja tu, pande zote mbili: “Babbacombe” Lee ya Fairport Convention, kundi la Kiingereza la muziki wa jadi na roki, iliyotolewa na kampuni ya Island Novemba 1971. Tarehe haikuchaguliwa ovyo. Asubuhi ya 23 Februari 1885, katika gereza la mji huohuo, kijana John Lee alisimamishwa juu ya mlango wa kunyongea mara tatu, na mara zote tatu mlango ukagoma kufunguka. Santuri nzima inasimulia habari hiyo.

Mimi nilikuwa wa vyombo vya sauti. Nilikuwa na msaidizi, kijana wa Lamu aliyekuwa akisoma huko, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno.

Mashine yenyewe ya kuchezea santuri ilikuwa ya mkanda, yaani mota huizungusha sahani kwa mkanda wa mpira, aina ile ambayo sahani na mkono wa sindano vimeketi juu ya springi tatu ndani ya kasha. Sauti yake tamu, kwa sababu springi humeza mtetemo wa mota na wa spika. Lakini springi hizo zina mwendo wake: ukiligusa kasha kidogo, linayumba polepole, kama mara nne kwa sekunde. Nyayo za watu kwenye sakafu ya mbao nazo huyumbisha kwa kasi ya karibu na hiyo. Mwendo ukikutana na mwendo, kasha hucheza, na sindano hutupwa nje ya mfereji.

Tuliiweka juu ya meza imara katikati ya ukuta mrefu, hatua mbili kutoka ukutani ili nyaya zipite nyuma. Nikaweka pimamaji juu ya sahani, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, nikalisawazisha kasha mpaka kiputo kikatulia katikati. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ilitaka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Nilikaza kizito cha nyuma mpaka kimizani kikasoma 1.8, na kile kidude kinachouzuia mkono usivutwe kuelekea katikati nacho nikakiweka kwenye 1.8. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaionea huruma santuri. Kumbe sindano nyepesi kupita kiasi ndiyo inayoharibu: inarukaruka ndani ya mfereji na kumega kingo zake. Nzito kidogo lakini imetulia ni afadhali.

Tulipowasha, spika zilinguruma ngurumo ileile ya umeme wa nyumba. Kijana akafuata waya wa ethi kwa kidole mpaka nyuma ya amplifaya, akakuta skrubu imelegea. Akaikaza, kimya kikatanda. “Dawa,” akasema.

Santuri ilikuwa ya mwenyeji wetu, toleo la kwanza, lebo yenye mnazi na ukingo wa waridi. Niliiosha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, sehemu nne, na spiriti safi sehemu moja, na tone mbili za sabuni isiyo na manukato. Unapangusa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kati, na lebo haiguswi na maji. Kisha unaiacha ikauke si chini ya dakika 20, mbali na mabomba ya joto. Ukiharakisha, vumbi lililobaki hugeuka tope chini ya sindano, nawe utasikia mchakacho usiokuwepo kabla ya kuosha, halafu utailaumu santuri.

Saa kumi na nusu tulicheza upande wa kwanza wote. Mimi na yule kijana tulikuwa tukitembea na soksi. Haikuruka hata mara moja. Nikasema tuko tayari, tukaenda kula.

Sasa niseme kidogo juu ya santuri yenyewe, maana bila hivyo kilichotokea hakieleweki. Mwaka 1971 Fairport walikuwa wamebaki wanne: Dave Swarbrick wa fidla na mandolini, Simon Nicol wa gitaa, Dave Pegg wa besi, Dave Mattacks wa ngoma. Sandy Denny alikuwa ameshaondoka, na Richard Thompson aliwaaga mwanzoni mwa mwaka huohuo. Swarbrick alikuta katika duka la vitu vya kale magazeti yenye maisha ya Lee kama alivyoyasimulia mwenyewe, na humo ndimo zilimotoka nyimbo. Lee alikuwa mtumishi katika nyumba iitwayo The Glen, ufukweni Babbacombe, Devon. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 1884 mwenye nyumba, Bi Emma Keyse, aliuawa na nyumba ikatiwa moto. Lee alikuwa mwanamume pekee ndani, na mkono wake una jeraha. Alisema amejikata akivunja dirisha kutoa moshi. Hawakumsadiki.

Jalada la kwanza halikuandika majina ya nyimbo. Liliandika aya fupi tu za hadithi: utoto na jeshi la majini, ugonjwa uliomtoa majini, mauaji, kesi, ndoto na kitanzi. Huwezi kusema “niwekee ule wa tano”. Unakaa nayo kama unavyokaa na utenzi, beti kwa beti, mpaka msomaji afunge kitabu. Mwenyeji wetu alikuwa amechapisha karatasi yenye majina yaliyokuja kuwekwa baadaye kwenye matoleo ya CD. Bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye koti la mvua la kijani, aliikunja yake mara nne akaikalia. “Mwaka 1971 hatukuwa na karatasi,” alisema.

Basi wakaja, wakajaa, wakaketi. Nikashusha sindano saa mbili na dakika kumi. Hukumu ikasomwa, nyimbo zikafuatana, na watu wakanyamaza kimya ambacho fundi wa mitambo hukisikia mgongoni. Fidla ya Swarbrick ilipoingia katika muziki wa mabaharia, mabega yakaanza kutikisika. Kisha ukaja wimbo wa alfabeti ya mabaharia.

Huo ni wimbo wa jadi, wa zamani kuliko kundi: kila herufi na kifaa chake cha merikebu, kuanzia nanga. Waingereza wale waliujua tangu utotoni. Walianza kuimba kwa sauti ya chini, na walipofika katikati ya herufi, viatu 68 vikawa vinapiga sakafu kwa pamoja.

Sindano iliruka. Ikaruka tena, herufi tatu zikamezwa, mabaharia wakatoka G wakajikuta kwingine kabisa. Nikainua mkono. Watu wakacheka kwa upole. Niliongeza uzito mpaka gramu 2, nikarudisha sindano nyuma kidogo. Wakaanza kuimba, wakaanza kupiga miguu, ikaruka palepale. Nikaweka chini ya kasha jiwe bapa lililokuwa likizuia mlango, sentimita 40 kwa 40, unene tano, uzito wake si chini ya kilo 18. Nikarudia. Mara ya tatu ikaruka mpaka karibu na lebo.

“Mwiteni Berry!” sauti ikatoka nyuma, na chumba kizima kikaangua kicheko. James Berry ndiye aliyekuwa mnyongaji wa Lee.

Hapo ndipo nilipoomba dakika 25, na nashukuru niliziomba, kwa sababu dakika hizo ndizo zilizonifundisha watu wanaipendea nini santuri hii. Mimi nimepiga magoti na tochi mdomoni, wao wanabishana juu ya kichwa changu.

Wa kwanza, mwanamume mwenye ndevu, alisema ni kazi ya kundi lililokatwa mikono: humo hamna Sandy, hamna Richard, na Swarbrick si mwimbaji. Bibi wa koti la kijani alimgeukia. Alisema hilo ndilo linaloifaa. Lee alikuwa mtoto wa watu maskini wa Devon, sauti nzuri mno ingemfanya malaika. Sauti ya Swarbrick ina mikwaruzo, ni ya mtu anayejitetea na anajua hasadikiwi. Mwingine akasema yeye huisikiliza kwa ajili ya Mattacks peke yake, jinsi ngoma zinavyojizuia kwenye nyimbo za selo, chumba cha mfungwa, karibu hazipo, ili zije kufunguliwa mwishoni. Nakubaliana naye. Wapo wanaouona upande wa pili unasinzia katikati. Wanasikiliza gitaa wakati kinachofanya kazi pale ni nafasi tupu.

Palikuwa pia na ubishi wa haki. Mtu mmoja, nadhani mwalimu, alisema santuri imemwamini Lee mno, imechukua maneno ya mshitakiwa ikayatia muziki. Hakuna aliyempinga. Bibi alisema tu, “Ndiyo. Ni wimbo wake.”

Kisha wakaja kwenye mlango. Wengine walishikilia kwamba mbao zilivimba kwa mvua, wengine kwamba ni mkono wa Mungu, maana Lee alisema ameota usiku ule kwamba mlango hautafunguka. Mwenyeji wetu akaeleza walichokikuta wachunguzi wa serikali. Mtambo wa kunyongea ulikuwa umehamishwa kutoka hospitali ya zamani ya gereza hadi kwenye banda la magari ya farasi. Katika kuufunga upya, komeo la chuma linaloshikilia mlango kwa chini lilikaa upande kidogo, kiasi kwamba bawaba zilikwama badala ya kuachia. Na kila walipomwondoa Lee pembeni na kuvuta wenzo kwa majaribio, mlango ulidondoka vizuri kabisa. Walipomrudisha, ukagoma.

“Walijaribu pasipo mtu juu yake,” mwenyeji alisema.

Yule kijana wa Lamu alinitazama, mimi nikatazama soksi zangu, ambazo kwa wakati huo zilikuwa ndani ya viatu.

Kuongeza uzito wa sindano hakukuwa dawa, wala jiwe, kwa kuwa jiwe nalo lilikuwa limekaa juu ya sakafu ileile inayocheza. Wala sarafu juu ya kichwa cha mkono, kama alivyonishauri mtu kwa nia njema. Hiyo inaua santuri na haizuii kasha kuyumba. Ilibidi kuangalia boriti. Nilitambaa na tochi nikifuata mistari ya misumari: boriti zilipita toka ukuta hadi ukuta, na meza yetu tulikuwa tumeiweka mbali na ncha zake, mahali ambapo mbao hupinda. Boriti haipindi pale ilipoingia ukutani. Na katika jumba la mawe kuna kitu bora kuliko ncha ya boriti: kizingiti cha dirisha, jiwe lililojengewa ndani ya ukuta, lisilogusana na sakafu hata kidogo.

Kilikuwa na kina cha sentimita 45 hivi. Kasha liliingia kwa kubana. Tulitoa vyungu viwili vya maua, tukafuta ukungu wa kioo, nikaweka pimamaji tena kwa sababu jiwe lile liliinama kuelekea nje, nikaziba upande kwa vipande vya kadibodi. Uzito nikaurudisha 1.8. Nyaya zikawa fupi, kwa hiyo amplifaya ikahamia sakafuni chini ya dirisha. Spika zikabaki mahali pake, mita mbili na nusu kutoka moja hadi nyingine. Halafu nikawaomba kitu ambacho ningepaswa kukifanya saa kumi na nusu.

“Tafadhalini, pigeni miguu. Wote. Kwa nguvu.”

Watu wazima 34 walipiga sakafu mpaka taa ya dari ikatikisika. Sindano ilikuwa imeshuka kwenye wimbo wa alfabeti, na ilikwenda kama imegundishwa. Wakaimba toka A mpaka mwisho. Kijana aliniinamia akaninong’oneza, “Kaka, kumbe na hawa wana alifu zao.” Kwao Lamu mashairi ya kufuata herufi, alifu, be, te, ni mambo ya siku zote, na nadhani ndiye peke yake mle ndani aliyeusikia wimbo ule kama shairi kabla ya kuusikia kama kelele za baharini.

Upande wa pili tuliuweka saa nne kasoro. Hapo hakuna aliyepiga mguu. Wimbo wa ndoto ulipita taratibu, mtu mmoja akafumba macho. Bibi wa koti la kijani alikuwa akihesabu kitu kwa kidole juu ya goti. Wimbo wa mwisho ulipoanza, ule wa kunyongwa, Mattacks akafungua mikono yake na chumba kikakaza. Wenzo ukavutwa kwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir William Harcourt, alimbadilishia Lee adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na hakutoka mpaka Desemba 1907, baada ya miaka 22. Watu wale walijua yote hayo, na bado walikaa kama wasiojua.

Sindano ilifika kwenye mfereji wa mwisho ikawa inazunguka bure, tik, tik, tik. Hakuna aliyesogea. Wengine walikuwa wameinua visigino juu ya sakafu, kwa hofu tu ya kutikisa. Nami nikauacha uzunguke kidogo.

Kutoka pembeni, kwa Kiswahili, mguu mmoja hewani, kijana akauliza: “Kaka, nikanyage?”