Wamekuja kuipima kazi ya dobi
Miaka sita nafua mashuka kwenye hoteli moja hapa Arusha, nikiwa daraja la chini kabisa la mshahara, chini ya mtunza bustani. Juzi wakaja wapimaji wa kazi, wale wanaolinganisha kazi ili madaraja ya mshahara yapangwe. Dada mmoja alisimama na mimi pale kwenye joto la pasi, akanyanyua beseni la mashuka mabichi, akalitua haraka. Akaandika. Akasema hawanipimi mimi, wanaipima kazi: ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira, kila kimoja na pointi zake. Kumbe hata joto na dawa za madoa vinahesabiwa! Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka wanawake na wanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Jamani wenzangu, wakiwafikia msiseme "nafua tu". Tajeni dawa, uzito wa beseni, saa za kusimama.