Kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda

Kesi yangu ya ubaguzi kazini nilishindwa, na muda wa kukata rufaa ukapita kabla sijajua kwamba hukumu imeshasomwa. Ilisomwa kwa mtandao, taarifa ikatumwa kwa wakili aliyekuwa ameshahama ofisi. Mimi habari niliipata masjala, nilipokwenda kuulizia tarehe.

Hapa Kenya, ilani ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, hupelekwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Zikikupita, unaomba kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 4 ya Mahakama ya Rufaa, na ombi husikizwa na jaji mmoja. Wengi hudhani siku hiyo utaeleza ulivyodhulumiwa. Sivyo. Jaji hutazama umechelewa kiasi gani, kwa sababu gani, rufaa yenyewe ina mashiko au haina, na upande wa pili wa kesi utaumia vipi ukiruhusiwa.

Hiyo sababu ndiyo iliyotukalisha. Wakili wangu mpya, dada wa Kisauni, hapa Mombasa, alinikatiza: "Kaka, usiniambie ulikuwa ukifuatilia. Nionyeshe." Tukachapisha jumbe nilizomwandikia wakili wa mwanzo bila kujibiwa, na barua yangu ya masjala yenye muhuri wa kupokelewa, wino umefifia lakini tarehe yasomeka. Zote zikaambatishwa kwenye hati ya kiapo.

Mashiko yapo. Nilikuwa msimamizi wa ghala Shimanzi. Akaletwa Mzungu, nikamfundisha kazi mimi mwenyewe, kuanzia kupokea mzigo hadi kufunga hesabu ya mwezi. Hati mbili za mshahara zilikuwa mbele ya mahakama: cheo kile kile, mwezi ule ule, wake zaidi ya maradufu ya wangu, na nyumba juu. Nilipouliza niliambiwa ana uzoefu wa nje. Uzoefu gani, wa kufundishwa na mimi?

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea. Hukumu imenigeuzia mzigo huo mimi. Hilo linaniuma kuliko hata pesa.

Ombi tumeshaliwasilisha, na mwajiri ameshajibu kwamba kesi iliisha, aachwe apumzike. Jamaa nao wananiambia nimwachie Mungu. Mungu namwomba kila siku, lakini hati zile mbili nataka zisomwe na majaji watatu, na mwajiri aulizwe yeye tofauti ile ilitoka wapi.