Ardhi Isiyokuwepo: Safari ya Kinamasi cha Ngezi

Kabla hatujaingia ndani, mzee aliyekuwa akiniongoza aliichomeka fimbo yake kando ya njia, mahali palipoonekana kama ardhi ya kawaida iliyofunikwa na majani makavu. Fimbo yenyewe ilikuwa ikimfika begani. Aliisukuma kwa mkono mmoja, bila ya kutumia nguvu, nayo ikazama mpaka zikabaki shubiri mbili tu juu. "Hapa ndipo tutakapopita, mwanangu," aliniambia, "lakini utakanyaga mizizi, hutakanyaga ardhi. Ardhi hapa haipo."

Nilikuwa nimetoka Unguja siku iliyotangulia kwa ajili ya kuiona hiyo ardhi isiyokuwepo. Boti iliondoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, asubuhi, tukateremka bandari ya Mkoani, Pemba, nikapanda gari la Chake Chake na baadaye la Konde, na nikalala huko kwa jamaa zangu. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Masika yalikuwa yameshapita, lakini Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na mabonde yote tuliyoyapita baina ya vilima vya mikarafuu yalikuwa bado yamejaa maji. Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi ya kisiwa, kilomita chache kutoka Konde, na ukubwa wake haufiki hata kilomita za mraba 20. Hata hivyo, hilo ndilo pande kubwa kuliko yote lililosalia la msitu wa asili wa Pemba. Karibu kwengine kote watu wamepanda karafuu, minazi na mihogo.

Sababu ya safari yangu ilianzia katika bonde la Cheju, Unguja, ambako bibi yangu alikuwa akilima mpunga nilipokuwa mdogo. Bibi hakuwa mtu wa makatazo mengi, lakini moja alilishikilia sana: hakutaka kabisa tuwashe moto bondeni wakati wa kiangazi. Alikuwa akisema kwamba moto wa juu unauona na utauzima kwa ndoo, ama moto wa bondeni huingia chini, ukalala siku mbili, kisha ukaibukia mahali pengine. Nilikua nikiamini kwamba hayo ni maneno ya kututisha watoto. Nilipokuja kusoma habari za mboji, yaani majani na mizizi iliyorundikana chini ya maji bila ya kumaliza kuoza, ambayo ikikauka huweza kuwaka chini kwa chini, ndipo nilipofahamu kwamba bibi alikuwa akieleza jambo la kweli.

Tuliingia msituni kiasi cha saa mbili asubuhi, tukaanza kwa upande mkavu, wenye mivule na misufi ya mwitu ambayo shina lake moja watu watatu hawalikumbatii. Chini ya miti hiyo mikubwa niliona kwa mara ya kwanza mpapindi, mti wa jamii ya minazi wenye mashina membamba yaliyotoka pamoja kama mianzi. Unastahili kutazamwa kwa makini. Duniani kote mpapindi huota Pemba tu, na ndugu zake wote wa karibu wako Madagaska na Comoro. Unguja ilikuwa imeungana na bara katika enzi ya barafu, bahari iliposhuka kwa zaidi ya mita 100, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, na bahari haikupata kushuka kiasi hicho. Kwa hiyo kilichopona hapa kilipona peke yake.

Baada ya mwendo wa nusu saa njia iliteremka, na hewa ikabadilika. Ilikuwa nzito na ya baridi kidogo, yenye harufu ya majani yaliyorowekwa. Miti mirefu ilitoweka, nafasi yake ikachukuliwa na miwale, ambayo makuti yake yanapanda moja kwa moja kutoka kwenye maji na kufunika anga kama paa la ukumbi. Mzee alinionesha mmoja uliokuwa umekauka ukiwa umesimama. Mwale huishi miaka mingi bila ya kuzaa, kisha huzaa mara moja tu, ukatoa matunda yake yenye magamba yanayong'aa, na baada ya hapo hufa. Watu wa Makangale, kijiji cha jirani, alinieleza, hutumia uti wa kuti lake kwa kutengenezea ngazi na milango, kwa kuwa ni mwepesi na mnyoofu.

Hapo tukaanza kutembea juu ya mizizi. Mzee alitangulia, akipima kwa fimbo kila hatua, nami nikiweka mguu pale pale alipoutoa wake. Mara mbili nilikosea, na mara ya pili niliingia mpaka juu ya goti, na nilipojaribu kujivuta kwa pupa nilizidi kushikwa. "Usishindane nalo, tulia kwanza," alisema mzee, akanipa ncha ya fimbo yake, akaningojea nitulie ndipo aliponivuta. Buti la mpira lilibaki chini, na ilibidi tulifukue kwa mikono.

Katika kulifukua buti hilo ndipo nilipoipata hasa ile mboji niliyoifuata. Nilichota konzi moja ya tope jeusi kutoka urefu wa mkono wangu mzima, nikaliosha polepole ndani ya kiganja. Halikuwa tope la udongo. Zilikuwa nyuzi, vipande vya magome, punje za mbegu, na jani moja zima ambalo mishipa yake yote ilionekana, jeusi kama lililopakwa wino, laini kama karatasi iliyolowa. Jani hilo lilikuwa limelala chini ya majani mengine yote yaliyoanguka baada yake, na bado lilikuwa jani.

Jani linapoanguka kwenye ardhi kavu, kuvu, bakteria na mchwa hulimaliza kwa muda mfupi, na kaboni iliyokuwemo ndani yake hurejea hewani. Jani hilo hilo likianguka kwenye maji yasiyokwenda, oksijeni iliyomo huisha haraka na hakuna mkondo wa kuleta nyengine, basi kuoza hufanyika kwa taratibu mno, na kila mwaka majani mapya huja juu ya yale ambayo hayajamalizika. Ndiyo maana maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai kavu. Kinachoyatia rangi ni tanini, ambayo imo pia katika majani ya chai, na katika magome ya mikoko ambayo zamani yalisafirishwa kutoka visiwani kwetu kwenda kutengenezea ngozi. Juu ya maji hayo ya rangi ya chai yalielea maua ya mtomondo, mamia kwa mamia. Mti huo hufungua maua yake usiku na kuyaangusha kunapokucha, na tulipopita sisi yalikuwa bado mabichi, meupe yenye wekundu wa mbali, yametulia kabisa kwa sababu hapakuwa na mkondo wa kuyachukua.

Tulikaa juu ya gogo tukala mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Mzee aliniuliza kama kwengine kuna vinamasi vikubwa kuliko hiki. Nilimweleza kwamba mwaka 2017 wanasayansi walitoa ramani ya mboji iliyomo katikati ya bonde la mto Kongo, nayo ikaonesha eneo la kilomita za mraba 145,500, yaani zaidi ya mara 140 ya Pemba nzima, na kwamba walikadiria kaboni iliyohifadhiwa humo kuwa tani bilioni 30. Nilimweleza pia kwamba mwaka 1997, kule Indonesia, vinamasi vilivyokuwa vimechimbiwa mitaro na kukaushwa viliwaka moto, moto ukaenda chini kwa chini kwa miezi, na moshi wake ukafika hadi Singapore na Malaysia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi bibi yako alijua."

Maneno yake yalinigusa, kwa sababu karibu na ninapoishi sasa, mjini Unguja, palikuwa na bonde dogo lenye maji na matete. Watu waliliona ni mahali pa bure, wakalijaza vifusi, wakajenga. Tangu hapo, kila masika maji ambayo zamani yalikuwa yakituama humo huingia vyumbani mwetu, na mwaka mmoja tulilala juu ya meza na watoto. Hatukuwa tumeyaondoa maji; tuliiondoa nyumba yake tu.

Mchana tulitoka upande wa pili, na hapo palikuwa na jambo jengine ambalo sikulitarajia. Kinamasi kilikoma, mchanga mweupe ukaanza, na juu yake palienea vichaka vyenye vijani vidogo kama sindano. Ni mmea wa jamii moja na ile inayoota juu ya mboji za Scotland na Ireland, ambako watu kwa karne nyingi wamekata mboji, wakaikausha na kuichoma kama kuni. Hapa umejikalia pembezoni mwa Bahari ya Hindi, na kutoka upande wa Vumawimbi tulikuwa tukiisikia bahari yenyewe.

Tulirudi kwa njia kavu, na jua lilipokaribia kuzama popo walianza kutoka. Ni popo wakubwa, wenye vichwa vya rangi ya kahawia iliyoiva, waliopewa jina la kisayansi mwaka 1909 na ambao, kama mpapindi, hawapatikani popote isipokuwa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwindwa kwa nyama hadi wakakaribia kumalizika. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, na leo wako kwa maelfu. Mzee aliwatazama mpaka wa mwisho alipopita juu ya vilele vya miti. "Hawa ndio wanaotupandia msitu," alisema, kwani mbegu za matunda wanayokula huziangusha kila wanakopita.

Tuliswali Magharibi penye uwazi karibu na lango la msitu. Nilikuwa nimekaa nikikwangua tope jeusi kwenye buti kwa kijiti wakati mzee aliponigusa bega na kuinua kidole. Kutoka upande wa miwale ilisikika sauti moja fupi, "hu", kisha kimya, kisha nyengine. Alikuwa bundi wa Pemba, yule mdogo ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Kwetu mjini sauti ya bundi humfanya mtu aombe hifadhi. Mzee yeye alitabasamu, akahesabu kwa vidole, na alipofika saba mwengine akajibu kutoka ng'ambo ya maji.