Kwao Mikarafuu

Mama aliponiuliza safari hii naelekea wapi, nilimjibu, "Nakwenda kwao mikarafuu." Akauweka chini ungo wa mchele, akanitazama. "Kwao mikarafuu si hapa?"

Hapa ni Mtambwe, Pemba. Nimezaliwa chini ya mikarafuu, ada zangu za skuli zimelipwa kwa karafuu, na baba yangu tulimzika kwenye kiambo ambacho ukisimama hapo huoni kitu ila mikarafuu. Darasani tuliandika kwenye madaftari kwamba aliyeleta mkarafuu Zanzibar ni Saleh bin Haramil al-Abry, mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Tukajibu mtihani, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba Wafaransa nao waliutoa mahali. Nilipokuja kulijua hilo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na tangu siku hiyo nikawa naweka akiba.

Kwao mikarafuu ni Maluku Kaskazini, mashariki ya Indonesia. Ni visiwa vitano: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi karafuu ilitafunwa na watu wa ikulu ya wafalme wa China, waganga wa Kiarabu waliichanganya kwenye dawa, Wazungu waliinunua kwa bei ya kuumiza, na yote ilitoka kwenye visiwa hivyo tu.

Nilipanda boti mpaka Unguja, nyingine mpaka Dar es Salaam, ndege mpaka Doha, nyingine mpaka Jakarta. Kutoka Jakarta kuna zaidi ya saa tatu nyingine angani kuelekea mashariki. Nilipofika, saa yangu ya mkononi ilikuwa nyuma kwa saa sita. Kwetu watu walikuwa hawajaamka kwa sala ya alfajiri, huku jua lilikuwa limeshapanda.

Ternate si kisiwa chenye mlima. Ternate ni mlima wenyewe, umesimama baharini, na watu wamejipanga miguuni mwake. Mlima huo unaitwa Gamalama, una urefu wa mita 1,715, na ni volkano iliyo hai. Mwaka 2011 ulitapika majivu, na mvua ilipoyashukia, matope na mawe yalizifuata nyumba za watu. Mwaka 2015 majivu yaliufunga uwanja wa ndege. Lakini udongo huo huo wa volkano ndio uliomlea mkarafuu. Nilipowauliza watu kama hawaogopi, walinionyesha miti yao.

Nilipanda ojek, yaani bodaboda, kutoka mjini kwenda Marikurubu, kijiji cha wakulima kilicho ubavuni mwa mlima. Ilikuwa mwezi wa Agosti, msimu wa mavuno. Barabara inapanda kwa kona, na pembeni mwa kila kona kumetandikwa maturubai, na juu ya maturubai kuna karafuu. Nyingine bado mbichi, kijani iliyoingia wekundu. Nyingine zimeshaanza kugeuka kahawia. Nilimgonga dereva begani asimame. Nikashuka, nikachutama, nikachukua punje moja nikaivunja kwa ukucha kama baba alivyonifundisha: ikilia "ta!" imekauka, ikipinda bado. Ilipinda. Mwanamke mmoja aliyekuwa akizigeuza kwa reki ya mbao alinitazama akatabasamu, akasema neno ambalo sikulijua ila nililielewa. Kesho.

Nilifikia kwa mzee mmoja mkulima ambaye hapa nitamwita Bapak, kama nilivyomwita siku zote sita, maana ndivyo huko unavyomwita mwanamume aliyekuzidi umri: Baba. Mkewe nilimwita Ibu, Mama. Nilimwamkia Bapak kwa salamu ya Kiislamu naye akaitika, kisha akaongeza ya kwao, "Suba jou," huku ameunganisha viganja mbele ya uso. Mjukuu wake alijua Kiingereza kidogo, nami nilikuwa nimejifunza Kiindonesia kwenye simu kwa miezi minne. Hata hivyo kilichotusaidia zaidi ni maneno ambayo hakuna aliyetufundisha. Alisema *kabar*, nikasikia habari. Alisema *waktu*, nikasikia wakati. *Sabun, kertas, dunia*: sabuni, karatasi, dunia. Waarabu walipita kote kote na wakaacha maneno yao yale yale.

Na Wareno pia. Meza kwao ni *meja*. Bendera kwao ni *bendera*, haikupungua herufi. Kisha nikaona jengo lenye msalaba kule mjini, nikaambiwa ni *gereja*, kanisa. Neno hilo la Kireno la kanisa ndilo lililotupa sisi gereza. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Watu walewale, neno lilelile, huku likabaki nyumba ya ibada na kwetu likawa nyumba ya kufungia watu.

Ingawa hata huku hawakuwa watu wa ibada tu. Siku ya pili Bapak alinipeleka Kastela, upande wa kusini magharibi wa kisiwa, kuliko na magofu ya ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1522. Mwaka 1570 walimwita Sultan Khairun humo ndani kwa mazungumzo ya amani, wakamuua. Mwanawe Baabullah akaizingira ngome miaka mitano, mpaka mwaka 1575 Wareno walipotoka. Kiwanja cha ndege nilichotua kina jina lake. Nilimweleza Bapak kwamba na sisi tunayo ngome yao Mombasa, Fort Jesus, na kwamba waliobaki humo walitolewa mwaka 1698 baada ya mzingiro wa miaka karibu mitatu. Akahesabu kwa vidole. "Sisi mbele," akasema, akanipiga begani kwa furaha.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda kwa mti mkongwe.

Njia inapanda kati ya mikungumanga na mikarafuu, chini ya miti mikubwa ya kenari, yenye njugu za kuliwa, inayotoa kivuli. Kungumanga zilikuwa zimepasuka mtini, basibasi yake nyekundu ikichungulia. Bapak alikwenda mbele kimya na panga lake. Mikarafuu mikongwe ya hapa inaitwa Afo. Wa kwanza, ambao wenyeji wanasema uliishi zaidi ya miaka 400, umeshakufa. Wanaopelekewa wageni sasa ni wadogo zake, wenye umri unaosemekana kupita miaka 200. Nilisimama chini ya mmoja wao. Shina lake sikuweza kulikumbatia. Gome limefanya kuvu, matawi ya chini yamekatika, lakini juu kabisa, mahali nilipolazimika kukunja shingo kupaona, palikuwa na vishada.

Ili uelewe kwa nini mti mmoja umepewa jina kama mtu, lazima ujue kilichotokea mwaka 1652. Kampuni ya Waholanzi ilitaka karafuu ipatikane sehemu moja tu, Ambon na visiwa vyake vya jirani, ili bei iwe mikononi mwao. Wakafunga mkataba na Sultan Mandarsyah wa Ternate: yeye alipwe fedha kila mwaka, na mikarafuu katika himaya yake ikatwe. Majahazi marefu ya makasia yalizunguka kisiwa hata kisiwa, watu wakishuka na mashoka. Aliyekutwa amepanda bila ruhusa aliadhibiwa. Kwao mikarafuu ikawa haramu kuwa na mkarafuu. Walioponyoka ni wale walioota juu sana mlimani, ambako shoka lilichoka kabla ya kufika. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa Marikurubu, na Bapak alisimulia akiwa ameweka kiganja kwenye shina.

Mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi wa Mauritius, waliiba miche na mbegu katika visiwa vya upande huu. Miche hiyo ndiyo iliyozaa ya Mauritius na Reunion, ile ikazaa ya Unguja. Kisha Seyyid Said akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba. Nilimweleza Bapak yote hayo. Sikumficha pia kwamba miti ya mwanzo kwetu ilipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, wakiwemo Wanyasa, na kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa mjukuu wa mmoja wao, na hakupenda kuulizwa. Mjukuu wa Bapak alitafsiri polepole. Mzee akanyamaza, akaitikia kwa kichwa, hakusema neno. Nilimshukuru kwa kimya hicho.

Tuliporudi alinipitisha shambani kwake, na hapo ndipo pakatokea jambo ambalo sikulitarajia. Alinionyesha safu ya mikarafuu iliyonyooka, majani ya kung'aa, vichipukizi vyekundu. "Hii," akasema, "Zanzibar." Nikadhani anarudia jina la kwetu kwa adabu. Akagonga shina. "Cengkeh Zanzibar." Ni jina la aina. Wakulima wa Indonesia wana mikarafuu waiitayo Siputih, waiitayo Sikotok, na waiitayo Zanzibar, na hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa sana kwa mavuno yake.

Nililia. Sioni haya kusema. Mti ulioibwa kwao umezunguka bahari, umezaliwa upya kwetu, na umerudi kwao ukiwa na jina la kwetu.

Na si mbegu tu zilizorudi. Waindonesia wanavuta sigara zenye karafuu ndani, *kretek*, zilizoitwa hivyo kwa ule mlio wa karafuu inapoungua. Viwanda vya Java vilipokua, karafuu ya nchi yao haikutosha, na kwa miongo mingi waliinunua Zanzibar na Madagascar, mpaka miaka ya 1980 walipojitosheleza. Babu yangu alikuwa akipima karafuu zake kituoni na kurudi nyumbani na pesa, asijue mzigo ule unakwenda wapi. Ulikuwa unakwenda kwao. Bei ilipoanguka, wazee wa Mtambwe walimlaumu kila mtu. Sasa nimekaa uani kwa mtu ambaye baba yake alipanda miti iliyochangia kuiangusha, naye ananimiminia *guraka*, chai ya tangawizi yenye kenari zinazoelea juu. Sikuona kinyongo. Mkulima akiambiwa panda, anapanda.

Siku zilizobaki nilifanya kazi. Wachumaji wa huko hupandia ngazi ya mwanzi, mti mmoja mrefu uliotobolewa vikanyagio, imefungwa kwa kamba pande tatu. Kwetu tunakwea matawini na ngoe na kamba. Ami yangu alianguka mwaka niliokuwa darasa la tano, hakutembea tena. Nilipomweleza Ibu, aliniashiria mguu wa Bapak, ule anaouburuza kidogo, ambao nilidhani ni uzee.

Jioni watu hukaa duara kuchambua, wanawake, watoto, majirani. Unashika kishada, unakizungusha kiganjani, karafuu zinadondoka huku na makonyo yanabaki mkononi. Walinipa kishada cha kujaribia. Nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote. Duara zima likanyamaza, kisha wakacheka kwa mshangao na kunisogezea kapu kubwa. Nao hawatupi makonyo, wanayauza, kama sisi tunavyoyapeleka Wawi yakatolewe mafuta. Kisha tukala *papeda*, uji mzito wa sago, wanga wa shina la mti, unaosokotwa kwa vijiti viwili, na samaki wa mchuzi wa manjano.

Nilivuka pia kwenda Tidore, nusu siku tu. Ukiwa pwani ya Ternate unaviona Maitara na Tidore kama vilivyochorwa nyuma ya noti yao ya zamani ya rupia 1,000, na wenyeji hupenda kukupa noti hiyo uinyanyue ulinganishe. Nililinganisha. Kisha nikarudi Marikurubu, kwani huko ndiko nilikokuja.

Siku ya mwisho nilimpigia mama simu ya picha. Nilimwonyesha Bapak, wakasalimiana. Nilimwonyesha miti, akatikisa kichwa. Nilipogeuza simu kwenye karafuu zilizoanikwa, akanikatisha.

"Wanaanikia nini hicho?"

"Turubai, mama."

"Turubai linatoa jasho. Karafuu itavunda, itakuwa nyeupe. Mwambie mzee wako jamvi."

Nikamwambia. Neno jamvi sikulijua kwa lugha yao, nikasuka vidole hewani. "*Tikar*," akasema Bapak. Akanyanyuka, akaingia ndani akiburuza mguu, akakaa sana huko. Akatoka na mkeka mpana wa majani ya mkadi, umekunjwa, una vumbi, wa mamake. Akaukung'uta, akautandaza juani, na mimi na yeye tukashika pembe za turubai tukamwagia karafuu juu yake. Akazisambaza kwa kiganja, taratibu, mpaka zikalala sawasawa.

Nikamwelekezea mama simu.

"Hapo sawa," akasema.