Nilivyoifahamu Kazi ya Mteja wa Siri

Kwa miaka mitatu sasa, mara mbili au tatu kwa mwezi, nikitoka shuleni alasiri huwa sirudi nyumbani moja kwa moja. Hupanda daladala hadi kwenye tawi la benki, duka kubwa au mgahawa nilioelekezwa, nikaingia kama mteja mwingine yeyote, nikahudumiwa, nikatoka, na jioni hiyohiyo nikaketi kujaza dodoso lenye maswali arobaini au zaidi kuhusu yale niliyoyaona. Kampuni ya utafiti wa masoko inayonituma hunilipa kati ya shilingi 15,000 na 30,000 kwa kila ziara, na hunirudishia gharama ya nilichonunua, ilimradi risiti iwepo. Nauli haimo, na malipo huchukua wiki kadhaa kufika. Anayetafuta kodi ya nyumba asiitegemee kazi hii; kwangu mimi imekuwa ikinunua gesi na madaftari ya watoto, na kwa hilo ninashukuru kwa dhati.

Pesa yenyewe hupatikana kwa kuyazingatia mambo madogo: saa niliyopita mlangoni, saa niliyofika kaunta, jina lililoandikwa kwenye beji, kama keshia alitoa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) bila kuombwa, kama sabuni ilikuwepo chooni. Kwa kuwa siwezi kuandika mbele ya watu, hujitumia ujumbe wa neno moja katika kila hatua, na simu hunitunzia saa na dakika. Siku moja risiti ililowa mvua ya masika ndani ya mkoba hadi tarehe ikafutika. Ripoti ilikataliwa, na shilingi 12,000 za kuku na chipsi zikawa hasara yangu.

Wafanyakazi wengi wa maduka na benki huichukia kazi hii, na historia yake inawapa sababu. Ilipoanza kushika mizizi Marekani katika miaka ya 1940, makampuni yaliwatuma watu wajifanye wateja hasa ili kuwanasa waliokuwa wakidokoa fedha za mauzo. Baadaye ndipo ikageukia ubora wa huduma, na mwaka 1998 makampuni yanayoifanya yakaunda chama chao, MSPA, chenye kanuni za maadili. Chama hicho husisitiza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kabla hajaanza kuitafuta kazi hii: hakuna ada ya kulipa ili uwe mteja wa siri.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliahidiwa kwa ujumbe wa WhatsApp ziara kumi kila wiki, akatakiwa kwanza atume shilingi 25,000 za usajili. Alituma, na namba ile haikupatikana tena. Kwa ndugu zetu walioko Marekani mtego huja na hundi: mtu huipokea kwa posta, huambiwa aiweke benki, achukue sehemu kama ujira wake, na fedha zinazobaki anunulie kadi za zawadi kisha atume namba zake, kwa kisingizio cha kupima huduma ya duka. Siku kadhaa baadaye benki hugundua kuwa hundi ni bandia, na aliyeiweka ndiye anayedaiwa fedha zote. FTC, tume ya serikali ya nchi hiyo inayowalinda wateja, imekwisha kuionya jamii kuhusu mbinu hiyo.

Kwangu mimi jaribu lilikuja kwa njia ya heshima. Nilikuwa nimekaribia kaunta ya duka moja, nimekwisha kuhesabu dakika zangu, keshia alipoinua uso na kusema kwa furaha, "Shikamoo mwalimu!" Nilimfundisha hesabu darasa la tano. Kanuni hairuhusu kumpima mtu unayemfahamu, kwa hiyo nililipia mkate wangu, nikamwulizia mama yake, na nilipofika nje nikampigia msimamizi kumweleza kuwa ziara imevunjika. Ujira wa siku ile sikuupata. Ningeweza kumpa alama zote, na huenda alizistahili, lakini keshia wa duka jingine asiye na mwalimu wake kwenye foleni angekuwa amedhulumiwa.

Dhuluma hiyo ndiyo inayonifanya nisome dodoso mara mbili kabla ya kulituma. Mwisho wa mwezi mmoja nilitumwa kwenye tawi la benki ambako muda wa kusubiri uliokubalika ulikuwa dakika 10, nami nilisubiri dakika 26. Dirisha lililokuwa wazi lilikuwa moja tu. Mbele yetu alisimama mzee aliyekuja kuchukua pensheni, na sahihi yake ilikataa kulingana na ile iliyohifadhiwa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Binti wa dirishani alimpa karatasi tupu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jaribu hapa kwanza, babu, wala usiwe na haraka." Mzee alijaribu mara mbili kwenye karatasi ile, na mara ya tatu akaweka sahihi kwenye fomu yenyewe. Watu nyuma yangu walikuwa wakiguna.

Swali la dodoso lilitaka jibu la ndiyo au hapana: je, ulihudumiwa ndani ya muda? Nilijibu hapana, kwa sababu ndiyo hali halisi. Kisha kwenye sehemu ya maoni, ambayo wengi huiacha wazi kwa kuwa hailipiwi, niliandika habari ya dirisha moja, ya mzee, na ya karatasi ile. Kesho yake msimamizi alinipigia kuuliza kama madirisha mengine yalikuwa na watumishi waliokaa bila kazi. Nilimjibu kuwa viti vyake vilikuwa vitupu. Akaniomba niiongeze sentensi hiyo kabla hajaipeleka ripoti benki, nami nikaiongeza.