Siku niliyomkimbia mamba asiye mamba

Nilikuwa nimetoka Arua juzi tu, Kiganda changu cha kuulizia bei ya chapati, nikapata kibarua kwenye shamba la samaki njia ya Entebbe. Wanafuga kambare na ngege, na yale maji machafu yenye kinyesi na mabaki ya chakula bosi hakutaka yateremkie majirani hivi hivi, akachimbisha kinamasi cha kutengeneza, vidimbwi vitatu vinafuatana, kokoto chini, mafunjo juu, maji yanapita polepole na bakteria wa kwenye mizizi na kokoto wanaishughulikia amonia, ile sumu ya kwenye uchafu wa samaki.

Mi nilikuwa nakata mafunjo. Kidimbwi cha kwanza kinanuka yai viza, ukichota tope unakuta vijifunza vyekundu tu vinajipinda kiganjani, wekundu wao ni himoglobini, ile rangi ya damu inayobeba oksijeni, kama ya kwetu ndo maana wanavumilia maji yasiyo na hewa. Cha tatu sasa, raha! Konokono, viluwiluwi, na watoto wa kereng'ende wanaowawinda hao viluwiluwi.

Sa siku hiyo niko cha kwanza, tope magotini, mzee niliyekuwa nafanya naye kazi akapiga kelele, "Emmamba! Emmamba!" Jamani mi nimekulia Kiswahili, mamba namjua mmoja tu. Nilivyotoka pale hata sijui, nimeshtukia niko juu ya tuta, mguu mmoja peku, gambuti imebaki huko chini.

Mzee alicheka mpaka akakaa. Kumbe kwao emmamba ni kamongo! Nikarudi kuchungulia, samaki mrefu kama mkono wangu, mapezi kama kamba za viatu, anapanda juu anagugumia hewa anazama tena, ana mapafu yule, uvundo unamhusu nini. Nadhani alipanda kutoka bwawa la asili huko bondeni maana mvua ilikuwa imefurika usiku kucha.

Hofu ilipoisha nikaanza kuona posho, yaani ugali, na mchuzi, nikafuata panga. Mzee kicheko kikakatika. "Mwanangu, huyo ni sisi." Kumbe yeye ni wa ukoo wa Mamba, kwao mwiko kumla. Nikaliweka panga chini, aibu imenijaa, tukamtia kwenye gunia bichi tukamrudisha bondeni, njia nzima anatupiga mikia.

Gambuti niliiopoa baada ya wiki. Ndani vijifunza vyekundu vimejaa mpaka kwenye vidole.